Je, prosesa ya bei nafuu ilicheleweshwa makusudi?

Msomaji wetu mmoja wa Lindi mjini, mwenye ukumbi mdogo wa gemu ambao asubuhi hugeuka kuwa chumba cha kuhariri video za harusi, ametuandikia kwamba mwezi Machi 2023 alimwagiza mtu Kariakoo amletee prosesa (chipu inayoiendesha kompyuta) ya kampuni ya AMD iitwayo Ryzen 9 7950X3D, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikisifiwa kwa gemu na ndiyo iliyokuwa sokoni. Mzigo ukafika, mashine ikafungwa, na wiki chache tu baadaye ikatoka Ryzen 7 7800X3D, ambayo bei yake ya kutangazwa ilikuwa pungufu kwa dola 250 na ambayo kwenye gemu nyingi inakwenda sawa na ile yake, na kwingine inaipita. Anauliza mambo mawili. Je, kampuni iliificha ile ya nafuu makusudi ili watu kama yeye wanunue kwanza ya ghali? Na sasa anapotaka kufunga mashine ya pili, asubiri au asisubiri?

Ndugu yangu, kwa swali la kwanza naona kwamba mpangilio ule ulikuwa uamuzi wa kibiashara kuliko wa kiufundi, ila neno “kuificha” silikubali. Tarehe zote zilitangazwa mapema, tarehe 1 Februari 2023: 7950X3D na ndugu yake mdogo, 7900X3D, zingeingia sokoni tarehe 28 Februari, kwa dola 699 na 599, na 7800X3D ingefuata tarehe 6 Aprili kwa dola 449. Anayekuficha kitu hakwambii siku atakayokitoa. Walichokifanya ni kingine, tena cha busara zaidi kwa upande wao: walikuonyesha milango miwili, mmoja ukiwa wazi leo na mwingine utakaofunguliwa baada ya siku 37, wakakuachia wewe mwenyewe upime haraka yako.

Nia ya mtu haionekani kwa macho, na nia ya kampuni ndiyo kabisa. Kwa hiyo mimi siulizi mabosi walikuwa wanawaza nini. Nauliza kwanza kama ufundi wenyewe uliwalazimisha kupanga vile, na kama haukuwalazimisha, wangepoteza nini endapo wangezitoa zote siku moja. Ukikuta ufundi ndio uliolazimisha, hila huna haja ya kuitafuta. Ukikuta haukulazimisha, na hasara ya kutoa zote pamoja ni kubwa, basi umekwisha kuikaribia nia bila kuingia kichwani mwa mtu.

Nianze na pale ambapo ufundi kweli ndio unaoamua, kwa sababu watu wengi wakisikia maelezo hayo hudhani ni visingizio. Sisi wa Kusini hatuna sababu ya kudhani hivyo, maana jambo hilo tunaliona kwenye korosho. Kaa na akina mama wa kikundi cha ubanguaji, iwe Newala au Masasi, uangalie meza ya kupangia madaraja. Gunia lilikuwa moja, pengine hata shamba ni moja, lakini mbele ya yule mama kuna beseni la punje nzima kubwa ziitwazo W180, yaani punje 180 kwa ratili moja, kuna la W240, kuna la W320 ambalo ndilo hujaa upesi, kisha kuna nusu zilizopasuka, na mwisho kuna vipande. Hakuna mkulima aliyepanda mkorosho wa vipande. Vipande ni vile vilivyovunjika mkononi, na kadiri mbanguaji anavyokuwa hodari ndivyo beseni lile linavyochelewa kujaa.

Chipu nazo hupangwa vivyo hivyo. Sahani ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300 huchorwa mamia ya vipande vinavyofanana, kisha kila kimoja hupimwa peke yake. Kipande cha AMD cha kizazi cha Zen 4, ndicho kilichomo kwenye hizi Ryzen za 7000, kina viini 8, yaani sehemu 8 zinazoweza kufanya kazi kila moja peke yake. Kikikutwa na kiini kibovu hakitupwi, bali viini viwili huzimwa na kipande kikauzwa kama cha viini 6. Bidhaa iliyotengenezwa kwa masalia ya namna hiyo haiwezi kutangulia, kwa sababu masalia lazima kwanza yakusanyike. Mfano ulio wazi ni Ryzen 5 5600X3D ya viini 6, iliyotoka Julai 2023, mwaka mmoja na zaidi baada ya ndugu yake wa viini 8, 5800X3D, aliyetoka Aprili 2022, na ikauzwa katika maduka ya Micro Center ya Marekani peke yake kwa kuwa idadi yake haikutosha dunia nzima. Pale sioni njama yoyote. Beseni la vipande lilikuwa linasubiriwa lijae.

Sasa tuilete hoja hiyo kwenye kesi yako. Haisimami hata kidogo, kwa sababu 7800X3D si vipande. Ni punje nzima. Ina kipande kimoja chenye viini vyote 8 vikiwa hai, na juu yake kimebandikwa kipande kingine chembamba cha kumbukumbu ya kashe chenye megabaiti 64 za ziada. Hiyo kashe ndiyo inayozipa hizi prosesa sifa yake kwenye gemu, kwa kuwa data inayohitajika mara kwa mara hukaa jirani na viini badala ya kufuatwa kila mara kwenye RAM, yaani kumbukumbu kuu ya kompyuta iliyo mbali zaidi. Na 7950X3D yako je? Ina vipande viwili vya viini 8, lakini kashe ya ziada imebandikwa juu ya kimoja tu. Cha pili ni kipande cha kawaida, chenye kasi kubwa zaidi ya saa (yaani mapigo mengi zaidi ya kazi kwa sekunde), kinachofaa kazi nyingine. Kwa maneno mengine, sehemu inayoifanya prosesa yako iwe nzuri kwa gemu ni moja, na sehemu hiyohiyo ndiyo iliyomo ndani ya 7800X3D.

Wala haiwezekani kusema kwamba ile ndogo haikuwa tayari. Kama utayari ndio ungekuwa kipimo, ndogo ndiyo ingetangulia, kwa sababu ni nyepesi kuiendesha: gemu haina upande wa kukosea. Yako ilihitaji madereva maalumu (programu za kuendeshea vifaa) ya ubao mama pamoja na Game Bar, programu ndogo ya gemu iliyomo ndani ya Windows, ili mfumo utambue kwamba gemu imefunguliwa, uulaze upande usio na kashe, na kuipeleka kazi yote upande wenye kashe. Niliwahi kuketi usiku mzima hapa Mtwara na mashine ya aina hiyo, gemu ikikatakata ilhali kila kipimo kinaonyesha prosesa haina shida, mpaka nilipogundua kwamba mwenyewe aliiondoa Game Bar akiona inamjazia kompyuta bure. Tulipoirudisha, mambo yakatulia. Bidhaa yenye masharti ya namna hiyo kutolewa kabla ya ile isiyo na masharti si jambo unaloweza kulieleza kwa utayari wa ufundi.

Tena wapimaji wenyewe walilionyesha jambo hili wiki kadhaa kabla ya Aprili. Waliingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine yenye 7950X3D, wakazima kile kipande kisicho na kashe, wakapima gemu, na kupata picha ya karibu sana ya namna 7800X3D itakavyokuwa. Prosesa ambayo ilikuwa haijauzwa ilikuwa tayari imelala ndani ya ile inayouzwa.

Kwa hiyo tunabaki na swali la hasara. Vipande vyenye kashe ya juu si vitu vinavyotoka kiwandani kama vingine. Baada ya TSMC, kampuni ya Taiwan inayoitengenezea AMD chipu, kutengeneza kipande cha viini na kipande cha kashe, kuna kazi ya ziada ya kuvipunguza unene na kuvibandika shaba kwa shaba, na kila hatua ya ziada inaongeza gharama na kupunguza idadi. Zaidi ya hayo, vipande hivyo havikuwa vikigombewa na wachezaji gemu peke yao. Juni mwaka huohuo AMD ilitoa prosesa za seva zenye kashe ya namna hiyo, na kubwa kuliko zote, EPYC 9684X, hula vipande 12 vya aina hiyo kwa mpigo, nayo bei yake ya orodha ilipita dola 14,000. Fikiria una ndoo chache za W180, na wanunuzi watatu wamesimama mlangoni, kila mmoja na bei yake. Hutaanza na yule wa bei ya chini eti kwa sababu foleni yake ni ndefu.

Hebu tupige hesabu kidogo kwa upande wa wale wawili wa kompyuta za mezani. Kipande kimoja chenye kashe kikienda kwenye 7800X3D kinaleta mauzo ya dola 449. Kikienda kwenye 7950X3D, baada ya kuongezewa kipande cha kawaida, kinaleta dola 699. Kile kipande cha kawaida kina ukubwa wa takriban milimita za mraba 71, na sahani moja ya milimita 300 hutoa zaidi ya vipande mia nane vya ukubwa huo. Hata tukichukulia kwamba sahani nzima inagharimu dola 20,000, kipande kimoja hakifiki dola 25. Ongeza gharama za kufungasha na za vibovu vinavyotupwa, bado sehemu kubwa ya ile tofauti ya dola 250, ambayo kwa dola ya wakati ule ni kama shilingi laki tano na elfu themanini hivi, inabaki kwa muuzaji na wauzaji wa kati. Kwa siku 37 kila mwenye haraka alielekezwa kwenye mlango wa dola 699 au ule wa 599. Ule wa 599, yaani 7900X3D, nilikuwa simshauri mtu, kwa sababu upande wake wenye kashe una viini 6 tu. Mchezaji gemu analipa zaidi ya bei ya 7800X3D na kupata viini vichache pale anapovihitaji.

Kulikuwa na sababu ya pili ambayo wanaolalamika huisahau. Mwanzoni mwa 2023 biashara ya kompyuta ilikuwa imelala baada ya ile shamrashamra ya miaka ya korona. Katika robo ya mwisho ya 2022, mapato ya kitengo cha AMD cha prosesa za kompyuta binafsi yalishuka kwa asilimia 51 yakilinganishwa na mwaka uliotangulia, hadi dola milioni 903, na kitengo hicho kikaingia hasara. Mtendaji mkuu, Lisa Su, alieleza wazi kwamba walikuwa wakipeleka mzigo mdogo kuliko unaotumika ili maghala ya wauzaji yapungue. Sasa mtu mwenye Ryzen 7000 za kawaida zimejaa kwenye rafu anapotoa kwa dola 449 prosesa inayozishinda zote kwenye gemu, anakuwa ameziua zake mwenyewe. Kila wiki ambayo 7800X3D ilikuwa bado haijafika, 7700X, ile ya viini 8 isiyo na kashe ya ziada, ilikuwa bado ina mnunuzi.

Mpaka hapa msomaji mwangalifu anaweza kunipinga akisema kwamba ninatunga hadithi inayolingana na matokeo, na kwamba pengine makampuni haya hutanguliza kubwa kwa mazoea tu. Ushahidi wa kumjibu ulikuja mwaka uliofuata, nao kwangu ndio wenye uzito kuliko hesabu zote nilizopiga. Katika kizazi cha 9000, kampuni ileile, ikiwa na mpangilio uleule wa vipande, iligeuza foleni. Ile ya viini 8, 9800X3D, ilitoka kwanza, tarehe 7 Novemba 2024, kwa dola 479, na ndugu zake wakubwa, 9950X3D na 9900X3D, wakasubirishwa mpaka tarehe 12 Machi 2025. Kama ingekuwa sheria ya kiwandani kwamba ya ghali hutangulia, sheria hiyo isingegeuka ndani ya miezi ishirini na kidogo.

Kilichobadilika ni soko. Ryzen 9000 za kawaida zilitoka Agosti 2024 na wachezaji gemu wakazipokea kwa ubaridi, kwa kuwa ongezeko lake lilikuwa dogo kwao. Tarehe 24 Oktoba Intel, mshindani wa AMD, ikatoa prosesa za Core Ultra 200S, ambazo kwenye gemu nyingi zilishindwa hata na prosesa za Intel yenyewe za kizazi kilichotangulia. Uwanja ukawa mtupu, na msimu wa manunuzi ya mwisho wa mwaka huko Marekani na Ulaya ulikuwa mlangoni. Wakati huo swali halikuwa tena namna ya kupata dola 250 za ziada kwa kila mwenye haraka. Lilikuwa namna ya kuwachukua wachezaji gemu wote kabla mshindani hajajirekebisha, na bidhaa ya kufanyia hivyo ni ile ambayo wengi wanaimudu. Februari 2023 presha ya namna hiyo haikuwepo. Intel ilikuwa na nguvu kwenye gemu, ndiyo, lakini wateja wa AMD waliokuwa wakiisubiri kashe walikuwa wameshaamua kusubiri.

Wengine hupenda kuitaja Nvidia, kampuni ya kadi za grafiki, katika mjadala huu, nami naitaja kwa kupita tu. Mwaka 2022 ilitanguliza kadi ya RTX 4090 ya dola 1,599 tarehe 12 Oktoba, na RTX 4060 ya dola 299 ikafika tarehe 29 Juni 2023. Chipu ya 4090 ndiyo kubwa kuliko zote za familia ile, milimita za mraba zipatazo 608, hivyo ndiyo ngumu kuliko zote kuitoa ikiwa nzima; hata hiyo 4090 huuzwa ikiwa na sehemu 128 hai kati ya 144. Kiufundi ndogo ingekuwa rahisi zaidi kutangulia. Lakini maghala yalikuwa yamejaa kadi za kizazi cha 3000, hasa baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki tarehe 15 Septemba 2022, na kadi mpya ya bei ndogo ingegongana nazo uso kwa uso, wakati ya dola 1,599 haikugongana na yeyote.

Kuna jambo moja zaidi ambalo linahusu swali lako la pili. Mwanauchumi Ronald Coase, katika makala yake ya mwaka 1972, alieleza kwamba anayeuza kitu kinachodumu hushindana na nafsi yake ya kesho: mnunuzi akishajua kwamba bei itashuka au kitu kilekile kitakuja kwa sura ya nafuu, anasubiri, na kusubiri kwake kunamlazimisha muuzaji ashushe mapema. Sisi tunaijua sura ya pili ya jambo hili kwa jina la kangomba. Mnunuzi wa kangomba anamfuata mkulima kabla ya mnada, anajua kwamba mtoto anadaiwa ada na mgonjwa yuko hospitali, na anaipata korosho kwa bei ya huruma kwa sababu mwenye mali hawezi kungoja. Kwenye prosesa asiyeweza kungoja ni mnunuzi. Tofauti kubwa, na tuiseme kwa haki, ni kwamba mkulima yule ana dhiki, wakati mnunuzi wa prosesa mara nyingi ana hamu tu. Siwezi kuyaweka mambo hayo mawili kwenye mizani moja.

Kuhusu mashine ya pili, basi, kabla hujatuma hela angalia kama ile ya nafuu imeshatangaziwa tarehe. Ikiwa imetangazwa na iko ndani ya miezi miwili, subiri, kwa kuwa mzigo wa Kariakoo mpaka Lindi ungekuchukulia sehemu ya muda huo vyovyote vile. Ikiwa haijatangazwa, usikae ukingoja tetesi. Waliongoja 7800X3D ishuke zaidi mwaka 2024 waliikuta imeanza kuadimika madukani vuli ile, na bei yake ikipanda badala ya kushuka. Tena ujiulize kama sehemu inayokupa faida ndani ya ile ya ghali ni ileile iliyomo ndani ya ya nafuu. Kwa ukumbi wa gemu mtupu, ya viini 8 yenye kashe inatosha, na pesa inayobaki ipeleke kwenye kadi ya grafiki na kwenye UPS.

Ile 7950X3D yako usiiuze kwa hasira. Ihamishie kwenye mashine ya kuhariri harusi, maana kule viini vyote 16 vinafanya kazi wakati wa kutoa video, na kipande kile cha pili ulichokilipia dola 250 ndipo kinapopata kazi yake. Kwenye mashine utakayoiacha kwa gemu hakikisha madereva ya ubao mama ni mapya, na kama ni prosesa yenye vipande viwili, mwambie kijana wako asiiguse Game Bar.